Utabiri wa theluji Niseko: niamini tarakimu ipi?

Swali: Shikamoo. Mimi ni mzaliwa wa Lamu, huu ni mwaka wangu wa tatu nikifanya kazi Yokohama. Wenzangu wa ofisini wamenialika Niseko, milima ya skii kisiwani Hokkaido, kaskazini mwa Japani, siku nne, wiki ijayo, mwishoni mwa Januari. Kuteleza kwa skii nimejifunza kidogo, lakini utabiri unanichanganya. Programu moja ya simu inasema zitaanguka sentimita 48, nyingine inasema 21. Kituo chenyewe cha skii kimeandika 9, na pembeni yake pana 265. Mwaka jana tulikwenda mahali pengine kwa kufuata tarakimu kubwa, tukakuta lifti za juu, zile za kupandisha watu mlimani, zimefungwa siku mbili nzima, tukabaki hotelini tunakunywa chai. Nisome nini, na nimwamini nani?

Jibu: Marahaba, dada. Chai hiyo ya hotelini hata mimi nimeinywa, tena zaidi ya mara moja, na kosa lilikuwa lile lile kila safari: nilihesabu sentimita nikasahau kuuliza upepo.

Tarakimu zako nne hazigombani. Kila moja ina hesabu yake. Hiyo 9 ni theluji mpya, Wajapani huiita kōsetsu, yaani iliyoanguka tangu jana na kupimwa alfajiri kabla lifti hazijaanza kuzunguka. Hiyo 265 ni sekisetsu, kimo cha theluji yote iliyolala ardhini tangu msimu uanze. Kimo hicho hakipandi sawasawa na kinachoanguka, kwa sababu theluji hujishindilia kwa uzito wake yenyewe. Zikianguka sentimita 20 usiku na kimo kikapanda 8 tu, hakuna aliyeiba. Kwako wewe 265 ina habari moja: mawe na vichaka vya mianzi midogo vilivyojaa kwenye milima ya Hokkaido vimeshafunikwa. Ukishaijua habari hiyo, usiiangalie tena mpaka urudi Yokohama.

Hila iko kwenye 48 na 21. Kompyuta ya utabiri haianzi na sentimita za theluji, inaanza na maji. Inakwambia kwamba mahali fulani, kati ya saa fulani na fulani, zitashuka milimita kadhaa za maji, yawe mvua au theluji. Kuyageuza maji hayo kuwa kimo cha theluji ni kazi ya mwenye programu, na kila mmoja ana kipimo chake. Chukua milimita 21. Anayezidisha kwa kumi, kama ilivyo desturi ya miaka mingi, anapata milimita 210, yaani sentimita 21. Anayejua kwamba theluji ya Niseko ya Januari ni nyepesi kama sufi anazidisha kwa ishirini na kitu, anapata 48. Huenda kabisa programu zako mbili zimesoma utabiri ule ule, zikatofautiana kwenye hesabu ya darasa la nne. Kwa hiyo tafuta programu inayoonyesha milimita za maji, uzidishe mwenyewe: kumi kukiwa karibu na sifuri, kumi na tano hadi ishirini kukiwa na baridi ya kweli, hata zaidi kidogo upepo ukitulia.

Angalia pia programu inazungumzia kimo gani. Kilele cha Niseko Annupuri kiko mita 1,308, na kijiji cha Hirafu chini yake kiko kwenye mita 260 hivi. Kwa kila mita 100 unazopanda joto hupungua kwa kama nyuzi 0.6, kwa hiyo nyuzi 2 juu ya sifuri kijijini ni kama nyuzi 3 au 4 chini ya sifuri kule zinakoishia lifti. Chini matope, juu unga. Anayekutajia tarakimu moja ya "Niseko" bila kutaja kimo amekupa nusu ya habari.

Sasa theluji yenyewe inatoka wapi? Wewe ni wa Lamu, basi jambo hili unalijua kwa jina jingine. Kaskazi iliyokuwa ikituletea majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi, na upepo unaoipa Niseko theluji, ni watoto wa ukoo mmoja. Bara la Asia likipoa wakati wa baridi, hewa iliyo juu yake inakuwa nzito na kumwagika kuelekea baharini. Kwetu hufika kutoka kaskazini mashariki, safari ndefu, imeshaota jua njiani. Kwa Wajapani hutoka Siberia, kaskazini magharibi, ingali na ukali wake wote, na kabla ya kufika huvuka Bahari ya Japani, ambayo mkondo wa Tsushima huipasha joto kutoka kusini. Hewa ya Siberia juu ya maji yasiyoganda ni kama kufunua sufuria ya wali nje usiku wa baridi: mvuke unapanda palepale. Mvuke huo unajipanga kuwa mawingu ya mistari myembamba mirefu, ambayo kwenye picha ya setilaiti yanaonekana kama ukili wa mkeka uliotandazwa baharini. Yanapogonga milima ya Hokkaido yanasukumwa juu, yanapoa, yanamwaga. Ndiyo sababu Niseko, iliyo karibu na latitudo 43 kama Marseille ya Ufaransa, hupata mita 15 hivi za theluji kwa msimu wa wastani, ilhali kwenu Yokohama, upande wa pili wa milima ya Japani, Januari anga ni la buluu na ngozi inapasuka kwa ukavu.

Mistari hiyo ya mawingu ina ubaya wake kwa mtabiri. Upana wake ni kilomita chache tu. Modeli, yaani hesabu ya kompyuta ya kutabiri hewa, ya Kimarekani iitwayo GFS, inayotumiwa na programu nyingi za bure, huigawa dunia kwa vyumba vya kilomita 13 hivi. Ya kituo cha utabiri cha Ulaya ni kama kilomita 9. Kwenye chumba cha kilomita 13, Annupuri na Yotei, mlima wa mita 1,898 unaoutazama, vinasagwa kuwa kilima kimoja cha wastani. Idara ya Hali ya Hewa ya Japani, Kishōchō, ina modeli ya kilomita 5 na nyingine ya kilomita 2, ndiyo maana kwa siku moja au mbili zijazo mimi huwaamini wao kuliko programu yenye picha nzuri. Hata hivyo, mstari mmoja wa wingu ukisogea kilomita tano, wewe unapata sentimita 30 na rafiki yako aliye kituo cha jirani anapata vumbi. Hakuna aliyekudanganya hapo. Ndiyo tabia ya theluji itokayo baharini.

Basi kama sentimita hazishikiki, nini kinashikika? Ramani. Fungua ramani ya mgandamizo wa hewa kwenye tovuti ya Kishōchō, ile yenye mistari inayozunguka kama alama za kidole. Unatafuta umbo moja, ambalo watabiri wa televisheni ya Japani hulitaja kila siku wakati wa baridi: seikō tōtei, yaani mgandamizo mkubwa magharibi, mdogo mashariki. Ukiona herufi ya mgandamizo mkubwa imekaa juu ya bara la Asia, ya mdogo imekaa baharini mashariki ya Hokkaido, na mistari kati yake imesimama wima kama nguzo za boriti, theluji ipo. Umbo hilo modeli hulitabiri vizuri siku nne au tano kabla, wakati sentimita zenyewe bado ni ramli.

Pili, sikiliza joto la juu angani. Watabiri wa Japani wana vipimo viwili ambavyo utavisikia mpaka uvikariri. Hewa ya kimo cha mita 1,500 hivi ikifika nyuzi 6 chini ya sifuri, kinachoshuka hata nchi tambarare kwa kawaida ni theluji, si mvua. Ya kimo cha mita 5,500 hivi ikifika nyuzi 36 chini ya sifuri, jiandae kwa theluji kubwa. Hewa ya juu ikiwa baridi kiasi hicho na bahari ina joto chini, mawingu yanapata nafasi ya kuota marefu.

Halafu upepo, na hapa ndipo mlipokosea mwaka jana. Rudi kwenye ile mistari iliyosimama wima. Kadiri inavyobanana ndivyo upepo unavyozidi. Mistari ikiachana kiasi, theluji inashuka polepole usiku kucha na asubuhi lifti zinazunguka. Mistari ikibanana kama meno ya kitana, theluji ni nyingi sana na huwezi kuifikia. Tarakimu kubwa kabisa ya sentimita mara nyingi huja pamoja na upepo unaofunga lifti, kwa sababu vyote viwili vina mzazi mmoja. Anayechagua siku kwa kufuata sentimita peke yake anajichagulia siku ya kufungiwa.

Utabiri wa Japani hutoa upepo kwa mita kwa sekunde. Zidisha kwa 3.6 upate kilomita kwa saa: upepo wa 10 ni kilomita 36. Kati ya 10 na 15 kileleni, lifti za juu huanza kusita, ingawa kila lifti ina kikomo chake na mwelekeo wake. Usitumie upepo wa kijijini, kijiji kimejikunyata bondeni. Tafuta programu inayoonyesha upepo wa kimo cha mita 1,500 hivi, kiwango kinachoandikwa hPa 850, ndio ulio karibu na ukweli wa kileleni. Na kwa ajili ya mashavu yako: nyuzi 10 chini ya sifuri pamoja na upepo wa 10 ngozi inauona kama nyuzi 20 chini ya sifuri. Nunua kitambaa cha kufunika uso, hiyo si mapambo.

Upepo una jambo jingine ambalo nahodha wa kwenu angelielewa kuliko mtu wa bara. Mlima una upande wa joshi, unakotoka upepo, na upande wa demani, unakoelekea. Upepo wa magharibi unaikwangua theluji ya upande wa joshi, unaivusha mgongo wa mlima, unaitua upande wa demani. Vituo vinne vinavyogawana mlima wa Annupuri, yaani Hanazono, Grand Hirafu, Niseko Village na Annupuri, havitazami upande mmoja. Hirafu iko mashariki, inatazamana na Yotei, kwa hiyo pepo za magharibi huijaza. Hizo sentimita 9 zimepimwa kwenye ubao uliokingwa, mahali pa tambarare. Kwenye korongo la demani zinaweza kuwa 30, na mgongoni zikawa sifuri, barafu tupu imekwanguliwa ikang'aa. Tiketi ya mlima mzima inakuruhusu kuhama upande, basi ukiona upepo umegeuka usikae pale pale kwa ukaidi.

Kuna siku ya namna nyingine ambayo huwatia watu hasira bure. Mara kadhaa kila msimu, hata Januari, mgandamizo mdogo hupita juu ya Bahari ya Japani na kuvuta upepo wa kusini mbele yake. Joto linapanda, mvua inanyesha juu ya theluji, na kwenye simu kila mtu anaandika kwamba msimu umekufa. Usirudishe tiketi. Mgandamizo huo ukishavuka kwenda mashariki, nyuma yake unaingia upepo wa kaskazini magharibi, na baada ya nusu siku au siku moja theluji inaanza upya. Siku mbaya ni ile ya katikati, asubuhi ambayo maji ya jana yameganda: Wajapani huiita aisuban, na kwa mtu aliyejifunza kidogo ni siku ya kwenda kuoga kwenye maji moto ya onsen. Ila likumbuke tabaka hilo la barafu. Theluji mpya inalala juu yake kama mchanga juu ya kioo, na nitalirudia nikifika kwenye maporomoko ya theluji.

Maneno mengine utakayoyakuta kwenye ripoti ya asubuhi: pauda ni unga mkavu ambao haujakanyagwa. Assetsu ni theluji iliyoshindiliwa usiku na mashine, laini, yenye mistari. Shissetsu ni nzito yenye maji. Zarame ni chembe kubwa kama sukari guru iliyosagwa, utaikuta zaidi Machi. Ukiona kyōfū ni upepo mkali, na unkyū karibu na jina la lifti maana yake haifanyi kazi.

Niruhusu nikwambie jambo ambalo hukuuliza. Umesema umejifunza kidogo. Basi hiyo 48 unayoiwinda si yako. Theluji ya unga inayofika magotini ina namna yake ya kutelezwa, na asiyeijua hutumia asubuhi yote kutafuta skii iliyozama. Tena siku inayoanguka sana huoni kitu: anga na ardhi vinakuwa rangi moja, hujui kama unapanda au unashuka, na Yotei inapotea kana kwamba haikuwahi kuwapo. Kodi miwani yenye kioo cha njano au cha waridi kwa siku hizo. Siku yako nzuri ni ile ya sentimita 5 hadi 15, nyuzi 6 au 8 chini ya sifuri, upepo chini ya 8, njia zimeshindiliwa halafu zikapakwa unga mpya juu. Waache wenzako waikimbilie 48, wewe shuka taratibu kwenye assetsu. Jioni mtakutana, na ninajua nani atakuwa anakandwa mgongo.

Kuhusu nje ya mipaka: Niseko ina kanuni zake, zinajulikana kama Sheria za Niseko. Anayetoka nje ya njia za kituo lazima apite kwenye malango yaliyowekwa, na malango hayo hufunguliwa au kufungwa kulingana na hali, pamoja na taarifa ya maporomoko ya theluji inayotolewa asubuhi. Kupita chini ya kamba ni marufuku, na bonde la Haru no Taki limefungwa siku zote. Lango likifungwa siku nzuri yenye jua, usidhani wamelala. Pengine ni lile tabaka la barafu la juzi, sasa limebeba nusu mita ya unga uliosukumwa na upepo, unangoja mtu mmoja tu aukanyage. Hata ndani ya mipaka, jihadhari na miti. Chini ya matawi theluji haijai vizuri, panabaki shimo lililofunikwa, na anayeanguka humo kichwa mbele hawezi kujitoa peke yake. Usiingie mitini bila mwenzako anayekuona.

Sasa wiki yako. Leo na kesho angalia ramani tu: je, mistari itasimama wima siku zenu, au kuna mgandamizo mdogo unaokuja kutoka magharibi? Zikibaki siku tatu, ongeza joto la mita 1,500 na mwelekeo wa upepo. Jioni ya kuamkia kila siku soma milimita za maji na upepo wa saa mbili asubuhi. Alfajiri usiamini utabiri tena, soma vipimo. Kishōchō wana kituo cha kupimia mjini Kutchan, bondeni chini ya mlima, kinachotoa kimo cha theluji kila saa, na kwenye tovuti yao pana ukurasa wa Genzai no Yuki, yaani theluji ya sasa hivi, wenye ramani ya iliyoanguka na utabiri wa saa sita zijazo. Kutchan iko chini, kwa hiyo hupata pungufu kuliko kileleni, lakini kituo hicho cha kupimia hakina vyumba vya kukodisha wala tiketi za kuuza. Kimo cha theluji kikipanda sentimita 10 usiku pale, juu pana zaidi. Kisha fungua kamera za kituo uone kama matawi ya miti yanatikisika. Kamera haina hesabu ya kuzidisha.

Zingatia pia maonyo. Chūihō ni tahadhari, keihō ni onyo kamili. Tahadhari ya theluji kubwa kwa Niseko ni jambo la kawaida, watu wanakwenda kazini nayo. Onyo la bōfūsetsu, tufani ya theluji, si la kawaida: siku hiyo usipande gari la kukodi hata kama dereva wenu anajisifu.

Na siku ya kurudi, hali ya hewa ya kusoma si ya Niseko. Uwanja wa ndege wa Shin-Chitose uko upande mwingine wa milima, saa mbili hadi tatu kwa basi, na mara nyingi kwao kuna jua huku ninyi mnazikwa. Lakini upepo ukigeuka, mstari mmoja wa mawingu unaweza kuingia bonde la Ishikari na kuufikia, na ndege zikaanza kuahirishwa moja baada ya nyingine. Ukiona mistari ya ramani imebanana siku hiyo, badilisha tiketi uchukue ndege ya mchana badala ya ile ya mwisho ya usiku, na panda basi linalotangulia lile mlilopanga.